Mlango wa Upande wa Wanawake

Mnaocheka mkisikia kazi niliyofanya, chekeni sasa mmalize, halafu mnyamaze nieleze. Nimesafisha na kulinda vyoo vya watu kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu. Nimesomesha watoto kwa kazi hiyo, nimejenga nyumba Niboye, hapa Kigali, kwa kazi hiyo. Na sijawahi kupata mteja, awe mkubwa wa serikali au muuza karanga, aliyefika mlangoni kwangu amebanwa halafu akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi.

Naandika kwa ajili yenu, mabinti na vijana mnaoajiriwa siku hizi kwenye usafi. Mnapewa sare, glavu, buti za mpira, mnafundishwa siku moja, mnaachiwa jengo. Kusugua mnajua. Kulinda hamjui. Juzi nimeingia choo kimoja cha mjini, binti wa usafi amejiegemeza ukutani anatazama simu, kila anayetoka anamkagua toka kichwani mpaka viatuni kama mama mkwe. Nikamwambia, mwanangu, macho yako yatoe hapo. Akanijibu, akiniita bibi kizee kwa Kinyarwanda, "Mukecuru, nifanye nini sasa, nifumbe?" Ndiyo, fumba. Au tazama sakafu, ndiyo iliyokuajiri.

Vyoo vyangu vilikuwa Remera, nyuma ya jengo la maduka, karibu na mabasi. Kushoto wanaume, kulia wanawake, katikati ukuta na mabomba. Mwisho wa upande wa wanawake palikuwa na chumba kipana chenye kioo, cha kubadilishia nguo. Pale uani tuliongea Kiswahili, kwa sababu ya madereva wa Tanzania na mama wa Kongo wanaokuja kununua, na kwa sababu aliyekuwa mkubwa wetu hakujua Kinyarwanda zaidi ya salamu. Kiswahili changu mimi ni cha Karagwe, nilikokulia ukimbizini. Cha wenzangu kilikuwa cha kila aina.

Huyo mkubwa wetu aliitwa Bi Mwajuma, mwanamke wa Kiislamu kutoka Ujiji. Alimfuata mume Kigali, mume akafa, yeye akabaki na ufagio. Siku ya kwanza alinipa raklete, ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji, akaniambia, "Domitila, choo chenye harufu watu wanakisamehe. Choo chenye maji sakafuni hawakisamehi, kwa sababu hawajui ni maji gani." Tangu siku hiyo nimekausha kwanza, nikasugua baadaye. Ninyi mnasugua kwanza, mnaacha bwawa, halafu mnaweka kile kibao cha njano chenye mtu anayeteleza. Kibao hakikaushi.

Alinifundisha kugonga ukuta kwa mpini kabla sijaingia, niseme "Usafi!" kwa sauti, nisubiri. Alinifundisha kutomsalimia mtu kabla hajanawa, maana atataka kukupa mkono. Alinifundisha mtoto mdogo asiachwe aende peke yake kwenye tundu la kuchuchumaa, na kwamba mama mwenye mtoto mgongoni apishwe foleni bila kuombwa. Na jambo moja alilirudia mpaka likanichosha. "Choo ni sitara," alikuwa akisema. "Mtu ameingia humo kujificha na haja yake. Wewe umewekwa umsitiri. Ukianza kumchungulia, wewe ni mwizi, hata kama mikono yako haijagusa kitu."

Upande wa wanaume alikuwa Sipriani, mtu mwema, mbishi, hakuwahi kutoka Rwanda. Ulimi wake na herufi zetu za Kiswahili havikupatana hata siku moja. Huyo alikuwa na imani kwamba dawa mbili zinashinda dawa moja. Siku moja akachanganya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na ile asidi ya kuondolea madoa ya sinki, ndani ya ndoo moja, akafunga mlango ili "dawa iive." Iliiva kweli. Wanaume walitoka mbio wakikohoa, mmoja ameshika suruali kwa mikono miwili, na huyo mmoja alikuwa mchungaji wa kanisa la jirani. Sipriani naye machozi yanamtiririka, ananiambia, "Mama Domitira, lakini madoa iko imetoka!" Kwa hiyo sikilizeni: javeli peke yake, asidi peke yake, maji mengi katikati, mlango wazi. Hilo mkilisahau mtakufa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu ya kicheko. Harusi. Wanawake wanashuka kwenye mabasi ya mikoani na mifuko ya karatasi, wanaingia chumba cha kioo wamevaa sketi za safari, wanatoka wamevaa mishanana, vazi letu la sherehe, kitambaa kimeanguka begani vizuri, wanatembea polepole kama hawakuwahi kukimbilia basi maishani mwao. Mimi nilikuwa nafunga. Nimefunga mishanana ya watu ambao sitawaona tena. Siku moja msindikizaji mmoja alikosa kitambaa cha begani, dada zake wanampigia kelele, akavuta cha kwanza alichokiona, akajitupia, akaenda. Jioni naona dirisha letu liko wazi. Amekwenda kusimama mbele ya maaskofu na wakwe amevaa pazia la choo. Jumatatu akalirudisha limefuliwa, limepigwa pasi, halijawahi kuwa safi vile.

Sasa nije kwa mpiga pasi mwenyewe.

Chini ya jengo letu kulikuwa na duka la dobi, na ndani yake alifanya kazi mtu aitwaye Kayitesi. Alipozaliwa walisema ni mvulana, na kitambulisho chake kinasema hivyo mpaka leo. Yeye anajijua mwanamke, anavaa kama mwanamke, na hilo jina Kayitesi alijichagulia. Vijana mnasema transi. Sisi wa zamani hatukuwa na neno, tulikuwa na vidole vya kunyoosha. Mimi ni Mkatoliki, nimeolewa kanisani, mambo ya ndani ya mwili wa mtu sikuyasomea na sitajifanya nimeyaelewa. Lakini nasema kama mtu wa kazi yangu: kuelewa hakukuwa kwenye kazi niliyopewa. Niliyopewa ni mlango.

Nilimjua kwa kutomwona. Hili nalo mlishike. Mkikaa mahali pamoja, mtawajua watu kwa zamu zao. Yule wa duka la simu anakuja baada ya chai, mama wa mgahawa anakuja mara moja na anakaa, wasichana wa saluni wanakuja wawili wawili kusengenyana. Watu hao msiwe na wasiwasi nao. Mtu wa kumwangalia ni yule anayeshinda hapo kutwa nzima na haji. Mtu wa kawaida hawezi kutokuja. Akiwa haji, kuna kitu kinamzuia.

Nilikuwa namwona Kayitesi mchana anatoka mbio, anapanda pikipiki, anapotea, anarudi jua limesogea, bosi wake amesimama mlangoni mikono kiunoni. Nikamuuliza Sipriani, yule binti huwa anakwenda wapi?

"Kwao, Mama Domitira. Anakwenda kukojoa."

"Kwao wapi?"

"Huko kwenu, Niboye."

"Na hapa je?"

Sipriani akaangalia buti zake. Akanieleza kwamba zamani alikuwa anaingia upande wa wanaume, kwa sababu ya kitambulisho. Vijana wa kituoni wakawa wanamngojea. Wanagonga mlango, wanaimba, wanapandisha simu juu ya ukuta wampige picha. Siku moja waliung'oa mlango na bawaba zake, yeye yumo. "Mimi nilipiga kelele, Mama. Niliwapiga na fagio. Lakini hajarudi tena."

Kesho yake nikachukua aproni yangu nikaenda dukani kwa dobi, nikajifanya nataka ipigwe pasi. Aproni ya choo, ipigwe pasi! Kayitesi aliitazama, akanitazama mimi, akaipokea kwa mikono miwili kama koti la harusi. Mvuke wa pasi ulikuwa unampiga usoni, midomo imepasuka.

"Wewe," nikamwambia, "unakunywa maji?"

"Ya nini, Mama?"

"Ya kunywa. Umesimama kwenye moto tangu asubuhi."

"Nikinywa yatatoka."

"Ndiyo kawaida ya maji."

"Yatatokea wapi?"

Akaendelea kupiga pasi huku ananieleza taratibu, sauti ya chini bosi asisikie. Kituo cha afya wamempa dawa, amemaliza, ugonjwa umerudi, wakampa tena. Daktari amemwambia akiendelea kujibana figo zitaharibika. Na bosi amemwambia akipanda pikipiki mchana mara nyingine, pasi itapewa mwenye mikono iliyotulia. Kazi yenyewe aliitafuta muda mrefu. Kwingine kote walimwangalia mara moja tu mlangoni wakasema nafasi imejaa.

"Vyoo viko nyuma hapo," nikasema.

"Upande gani, Mama?"

"Wewe upande wako ni upi?"

"Wa wanawake."

"Basi njoo upande wa wanawake. Kuna foleni. Usiipite."

Akaja. Alikuja kama mtu anayeingia kanisa la wenyewe, kichwa chini, anapita pembeni pembeni, akaingia, akafunga, akatoka, akanawa, akaniambia asante. Nikamwambia asante mpe mama yako, sogea wengine wapite. Siku ya pili akaja, ya tatu akaja. Sitawadanganya kwamba mbingu zilifunguka. Mtu alikojoa, akarudi kazini.

Kisha wakaja wenye maneno. Aliyewaongoza alikuwa Mama Kevini, muuza vitenge wa ghorofa ya kwanza, aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda, mdomo wake ni redio na betri haziishi. Tulikuwa marafiki, bado ni marafiki. Alikwenda kwa meneja wa jengo na wanawake wa maduka nyuma yake, na mimi nikaitwa.

Meneja alikuwa kijana mstaarabu ambaye hapendi kelele. Alikuwa amekaa katikati yetu anageuza kalamu.

"Sisi hatumchukii mtu," alianza Mama Kevini. "Lakini pale tunavua nguo. Chumba cha kioo hakina hata kizuizi. Mabinti wa watu wanabaki na nguo za ndani. Iko sawa hiyo?"

"Amewahi kuingia chumba cha kioo?" nikauliza.

"Bado. Lakini ataingia."

"Basi shida ni nini leo?"

"Shida ni kwamba wewe uko mlangoni na huangalii!"

"Niangalie nini?"

"Uangalie tu. Unajua."

"Sijui. Niambie niangalie wapi, useme kwa sauti, na meneja asikie."

Wasichana wa saluni wakaanza kucheka ndani ya mikono. Mama Kevini hakurudi nyuma. "Uangalie kama ni mwanamke!"

"Sawa. Nikianza kuangalia nitaanza na ndevu, ndizo ziko karibu. Na nikianza na ndevu, Mama Kevini, wewe hupiti."

Akashika kidevu. "Hizi? Hizi ni mbili tu!"

"Ndizo mbili ulizofikia kuziona."

Hata meneja alicheka. Lakini kicheko hakikumaliza kitu. Mama Kevini alipomaliza kucheka yeye mwenyewe, alisema jambo ambalo sikulicheka. Alisema mwaka uliopita, yumo chooni, mlango wake hauna komeo, mwanamume mmoja aliusukuma akasimama pale anamtazama. Hakuwa Kayitesi. Alikuwa mwanamume wa suruali na tai, alipita mlango mkuu mimi niko nyuma nachota maji. "Mimi tangu siku hiyo nakojoa nimeshika mlango kwa mguu," alisema. "Sitaki kuongeza na mwingine."

Nawaambia hivi ili msidharau hofu ya mwanamke kwenye mambo ya choo. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila aliyeileta alikuwa ameshaondoka zake, na aliyekuwa anaadhibiwa ni mwingine.

Mimi nikasema dawa ni makomeo na milango. Meneja akasema milango itachukua muda, akaja na dawa ya haraka. Mnaijua Kigali yetu: likitokea jambo, tunaanza na kitambulisho. Akaweka kiti mlangoni, akamweka binti wa ulinzi, mpya, mwenye kofia. Kila anayeingia upande wa wanawake aonyeshe kitambulisho. Pameandikwa mwanamke, pita. Pameandikwa mwanamume, rudi. Alidhani amemfikia Solomoni kwa hekima.

Kayitesi hakuja hata kujaribu. Aliona kiti akiwa mbali, akageuka. Midomo ikarudi kupasuka. Ijumaa akaja kwenye bomba la nje ninaposuuzia fagio, hakuingia, akasimama upande wa pili wa maji.

"Mama, nimekuja kukuaga. Nitamaliza kesho, nirudi kijijini kwetu."

"Kijijini kuna kazi?"

"Kuna kichaka."

Nilikasirika, nikamwambia asiage mtu kwenye maji machafu, ni mkosi. Mimi siamini mikosi.

Basi ikawa Jumamosi, na ilikuwa Jumamosi ya harusi nyingi. Foleni imefika uani, mifuko ya karatasi, marashi, watoto wanalia. Binti wa ulinzi anasoma vitambulisho kimoja kimoja, wanawake wanasonya. Akaja mwanamke mmoja mrefu, mzee kuliko mimi, kutoka mkoani, shangazi wa bibi harusi. Mnajua shangazi alivyo mzito kwetu siku hiyo, bila yeye bibi harusi hatoki. Kichwa amenyoa, kama wanavyonyoa mama zetu wa kijijini. Mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Sauti nene.

"Kitambulisho."

"Kiko kwenye gari, binti yangu. Gari limekwenda kutafuta mahali pa kusimama."

"Bila kitambulisho siwezi."

"Tumetoka usiku, binti yangu. Nisaidie."

Binti akamtazama kichwa, akamtazama kifua, akamtazama mikono. Hakuwa mtoto mbaya, tulikuwa tumempa kazi mbaya. Akauliza kwa adabu kabisa, na ile adabu ndiyo iliyochoma: "Samahani. Wewe uko mwanamke?"

Walio nyuma wakanyoosha shingo.

Yule shangazi hakugomba. Watu wa umri wake hawagombi mbele za watu. Alisimama pale pale, akainua uso, akatazama ukuta juu ya kofia ya binti. Nami macho yangu yako yalikozoea kukaa, sakafuni. Nikaona sakafu inalowa.

Hapa ndipo msome polepole. Bi Mwajuma alinifundisha, aliyezidiwa kabla ya kufika, usikimbilie raklete, kwa sababu ukikausha unatangaza. Unamwaga. Nilinyanyua ndoo yangu yote iliyojaa, nikaitupa miguuni pa yule mama, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya binti wa ulinzi na sketi za walio mbele, nikapiga ukelele: "Maskini mimi! Jamani nisameheni, ndoo imeniponyoka! Shangazi, nimekulowesha!"

Wakanitukana, kama inavyotakiwa. "Mukecuru, huoni?" "Viatu vyangu vya harusi!" Nikawa naomba msamaha huku na huku kama mlevi. Mtu mmoja tu hakutukana. Mama Kevini alikuwa kwenye foleni, karibu kabisa, na yeye aliona nilichokiona. Akatazamana nami. Akapanda ngazi mbio, na yule mama hakimbii hata mvua, akarudi na kitenge kipya bado kina karatasi ya bei, akakifungua, akamzungushia yule shangazi kiunoni.

"Shangazi, huyu bibi wetu amezeeka, anamwagia watu maji," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Twende ndani nikubadilishe. Hapana, usilipe, atalipa yeye na ndoo yake."

Akamshika mkono. Alipofika kwa binti wa ulinzi akasimama.

"Toa kiti hicho."

"Meneja alisema..."

"Meneja mwambie mimi nimesema. Leo umemuuliza huyu. Kesho utaniuliza mimi na hizi ndevu zangu mbili. Toa kiti."

Binti akatoa kiti. Nafikiri alifurahi kukitoa.

Shangazi alitoka chumba cha kioo amevaa mushanana wake, nimeufunga mimi, begani umelala vizuri sana. Mlangoni aliniambia neno moja la Kinyarwanda la kushukuru, kimya kimya, bila kuniangalia. Alijua. Nami sikumwangalia.

Jioni foleni ilipokwisha, Mama Kevini alikaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, anajipepea na karatasi ya bei.

"Mimi yule wa pasi sijamwelewa," akasema.

"Hata mimi."

"Na simpendi sana. Ana maringo."

"Anayo."

"Lakini sitaki mtu akae pale ananipima." Akaikunja ile karatasi. "Wewe ulisema makomeo. Makomeo gani?"

Jumatatu tulikwenda kwa meneja sisi wawili, na safari hii kelele zilikuwa zinaelekea upande mmoja, hakuwa na pa kukimbilia. Haki yake nimpe: alipokubali, alikubali vizuri. Alituma fundi wa Gikondo, wale wa magereji wanaojua chuma. Mimi nikasimama juu ya fundi kama mkaguzi. Mlango ushuke mpaka karibu na sakafu, uache nafasi ya maji kupita, mtu asiinamishe kichwa akaona. Komeo liwe la kuteleza, nene, la ndani, likifunga nje paonekane nyekundu. Ukuta wa katikati upande mpaka juu, simu ya mtu isipite. Chumba cha kioo kigawanywe vijumba, kila kijumba na pazia zito na ndoano mbili za nguo, kwa maana mwanamke mwenye ndoano moja anaweka nguo sakafuni. Fundi alichoka nami. Akaniuliza kama najenga choo au benki.

Na upande wa wanaume pia, makomeo yale yale. Sipriani aliyafunga na kuyafungua siku nzima kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Ninyi mnaonisoma mngependa niwaambie kwamba Kayitesi baadaye alimshonea Mama Kevini gauni, au alimwokoa mtoto wa mtu barabarani, na ndipo wakampenda. Hakufanya lolote. Mtu hatakiwi kulipia choo kwa wema. Analipa kama wengine, kwa simu au mkononi, anapita. Kuna wanawake mpaka leo wakimwona wanasogea. Wasogee, foleni ni ndefu. Kuna mmoja alihamia vyoo vya mgahawa wa ng'ambo, na kule hakuna komeo.

Kayitesi nilimfuata mimi mwenyewe Jumamosi ile ile, kabla hajafunga mfuko wake wa kijijini. Nilimwambia kiti kimeondoka. Akauliza ni nani aliyekiondoa. Nikamwambia, "Mama Kevini." Akadhani namtania. Nikamwambia aweke pasi chini, aende aone. Alikwenda, alikawia, nikafikiri analia huko, nikajiandaa kutojua. Akatoka macho makavu kabisa, akasema tu sinki la tatu linavuja. Lilikuwa linavuja kweli.

Siku yangu ya mwisho kazini hawakufanya sherehe, na nisingeitaka. Ilikuwa siku ya mechi uwanjani, watu wamejaa Remera nzima, foleni ya wanawake imezunguka jengo. Nilikuwa nimeinama nasukuma maji na raklete, kiuno kinanilaani, nikasikia mtu kutoka katikati ya foleni anafoka kwa sauti kubwa, chupa ya maji tupu mkononi, anagongana bega na Mama Kevini aliyekuwa mbele yake:

"Mama Domitila! Hii foleni haiendi! Na sabuni imekwisha tangu asubuhi, hiki ni choo gani hiki?"

Alikuwa Kayitesi. Sikumjibu vizuri. Nikamwambia anyamaze, asubiri zamu yake kama wenzake.